Farasi Uani

Farasi alifika kwetu Jumapili moja, saa nane mchana, akivutwa kwa kamba na mume wangu aliyekuwa ametembea siku mbili. Hatukuwa na habari. Mimi nilikuwa nafua, na binti yangu mkubwa ndiye aliyechungulia nje ya geti akarudi mbio akisema baba amekuja na mnyama mkubwa.

Mume wangu alikuwa bwana mifugo kwenye ranchi ya shirika la umma, upande wa mashariki mwa mkoa. Alikaa huko kwa muda wa miaka kumi na moja, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Miaka ile mashirika yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine au yanatafutiwa wenye mitaji, na zamu ya ranchi ikafika. Ng'ombe walipakiwa kwenye malori wakaenda. Matrekta yakaenda. Wafanyakazi wakapewa barua. Yeye alibaki hadi mwisho kwa kuwa ndiye aliyeshika funguo za stoo ya dawa, na siku ya kuzikabidhi akauliza habari za farasi, jike mmoja mwenye rangi ya kahawia aliyekuwa akitumika kuzungukia uzio. Meneja akatazama karatasi zake, akasema farasi hayumo kwenye orodha ya mali. "Mchukue au muache." Kumuacha maana yake ilikuwa kumpa fisi.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa uani chini ya mzabibu wake, anachambua mchele. Nyumba ilikuwa yake. Ukoo wao ni wa watu waliofika Dodoma na misafara ya zamani wakaamua kubaki wafanye biashara, na mama alikuwa na mwenendo wa watu hao: hainui sauti, hana haraka, na hasahau. Alimtazama farasi kuanzia kwato mpaka masikio.

"Shikamoo mama," mume wangu alisema.

"Marahaba. Na huyo naye anakula nini?"

"Majani, mama. Na pumba kidogo."

"Majani? Dodoma hii?"

Ulikuwa mwezi wa kumi. Upepo ulikuwa unapiga vumbi tangu asubuhi, na kutoka kwetu Chang'ombe mpaka barabara kuu usingepata jani bichi la kumpa hata sungura. Mume wangu alimfunga farasi kwenye nguzo ya banda la kuni, akanawa uso, akalala mpaka alasiri.

Niseme kwamba nyumba haikuwa imekosa wanyama. Tulikuwa na paka aliyejua kuinua mfuniko wa sufuria kwa mkono mmoja na kuchota dagaa kwa mkono wa pili, halafu akauacha mfuniko urudi taratibu usilie. Tulikuwa pia na mbwa. Huyo aliletwa na binti yangu mdogo, wa darasa la kwanza, akiwa amemficha ndani ya sweta la shule. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa swala tano na udhu wake haukaribiwi na mbwa, alikubali kwa sharti kwamba yule mbwa asivuke kamba ya kuanikia nguo. Mbwa alilielewa sharti hilo vizuri sana. Hakuivuka kamba mtu akiwa anamtazama. Kazi yake kubwa ilikuwa kuiba viatu, na alichukua kimoja kimoja, kamwe si jozi.

Sasa kukaongezeka farasi, na ratiba yangu ikabadilika. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliamka saa kumi na moja, nikachemsha chai, nikasuka nywele za mmoja huku namhimiza mwingine atafute soksi, kisha ikabidi nimpelekee farasi maji kabla ya kuvaa gauni la kazi. Nilijifunza kutovaa gauni kwanza, kwa sababu alikuwa anauma. Hakuuma kwa hasira. Ungeinama kuweka ndoo, naye akashika bega lako kwa meno kama mtu anayepima kitambaa dukani, akakaza, akaachia. Maji kwetu yalikuwa ya mgao, siku mbili kwa wiki, na yeye alikunywa ndoo tatu kwa siku. Ya nne aliipiga teke.

Komeo la banda alijifunza kulifungua kwa midomo katika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikula mzabibu wa mama mkwe, majani yote na machipukizi, akabakiza shina na vile vijiti vya kichanja. Mama alitoka baada ya swala ya alfajiri akakuta kivuli chake hakipo. Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakihamishia kibarazani. Mimi ningefurahi kama angegomba.

Shuleni wanafunzi walijua siku hiyohiyo. Nikigeuka kuandika ubaoni, nyuma yangu mtu analia kama farasi. Niliwaachia. Nilikuwa na harufu ya farasi kwenye nywele na sikuwa na hoja ya kuwapa.

Mwezi wa kumi na mbili ilifika hitma ya marehemu baba mkwe. Mama aliiandaa kila mwaka, na wanawake wa mtaa walijaa sebuleni hadi kibarazani, viatu wameviacha mlangoni. Mume wangu alimfunga farasi kwa kamba na mnyororo. Paka tulimfungia stoo. Mbwa alikabidhiwa kwa binti mdogo, ambaye alimshikilia mpaka alipoletewa kitumbua.

Kisomo kilikwenda salama. Pilau lilikuwa linapakuliwa kwenye masinia pale niliposikia kimya cha ghafla kibarazani. Nilitoka. Farasi alikuwa amesimama katikati ya akina mama, kamba inaning'inia shingoni, kichwa amekiinamisha juu ya sinia la kwanza, anachambua zabibu kavu. Shangazi mmoja wa mume wangu, mtu mzima sana, alikuwa ameketi mkekani mbele yake hana pa kukimbilia.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo, "huyu anapenda na nyama?"

Wengine walikwisha kuruka ukuta mdogo wa kibaraza. Walipokuja kutafuta viatu vyao, havikuwepo. Mbwa alikuwa amefanya kazi muda wote wa kisomo. Tulivikuta kwenye banda la farasi, chini ya majani makavu anapolalia, lundo zima, vya watu na vyetu vya miezi iliyopita. Tangu hapo tukajua kwamba usiku mbwa hakuwa analala getini kama tulivyodhani. Alikuwa analala kwa farasi.

Jioni mama mkwe alimwita mwanawe. Niliwasikia kwa sababu nilikuwa naosha masinia nje ya dirisha.

"Una kazi?"

"Sina, mama."

"Huyo farasi ana kazi?"

"Hana."

"Basi tafuteni kazi, wote wawili."

Ndivyo ilivyoanza. Wakati huo mtu yeyote mwenye ujuzi aliruhusiwa kujitegemea, na wafugaji wa vijiji vya kaskazini walikuwa hawajamwona mtaalamu wa serikali kwa muda mrefu. Mume wangu alinunua dawa za minyoo, za kupe na za ndigana, akazipakia kwenye mifuko miwili ya turubai aliyoishona mwenyewe, akatandika farasi na kwenda Msalato, na kutoka Msalato mpaka Makutupora. Alirudi na vumbi na kuku. Watu walimpenda. Walimpenda zaidi kwa sababu walimwona kutoka mbali, wakawa na muda wa kukusanya ng'ombe.

Kwa miezi miwili nilianza kufikiri kwamba tumepata njia. Farasi aliyechoka hafungui komeo. Hata kuuma kulipungua.

Mwezi wa tatu, wakati wa kuvuna zabibu, nilikuwa nasahihisha madaftari uani. Ilikuwa kama saa tisa. Nikasikia kwato mtaani, nikainuka kufungua geti. Farasi aliingia peke yake. Tandiko lilikuwa limegeuka likaning'inia tumboni, mfuko mmoja wa dawa umechanika, na povu limemkauka kifuani. Alipita mbele yangu akaenda moja kwa moja bandani.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. "Mwanangu amekufa," alisema. Alilisema kama mtu anayenipa taarifa.

Nilimwambia hapana mama, ingawa sikujua lolote. Nilimtuma binti mkubwa kwa jirani mwenye pikapu. Jirani alikuwa hajafunga hata vifungo vya shati pale lori la zabibu liliposimama nje, na mume wangu akateremshwa kutoka kiti cha mbele, mkono umefungwa kifuani kwa khanga ya mwanamke asiyemjua. Kwenye shamba alilokuwa anapita, mfuko wa plastiki ulinasa kwenye waya wa mizabibu, ukapepea. Farasi hakuwahi kuiona mifuko ile ranchi. Mjini ilikuwa imeshaanza kuzagaa kila mahali, lakini hapo ndipo alipokutana nayo ana kwa ana. Mume wangu aliangukia bega akavunjika mtulinga.

Hospitali walimfunga wakasema wiki sita asiinue kitu.

Wiki sita hizo ndizo ninazotaka kuzieleza kwa ukweli. Nilikuwa na mume anayevishwa shati, mama mkwe ambaye magoti yalimsumbua msimu wa mvua, watoto wawili, darasa lenye watoto zaidi ya sabini, paka, mbwa, na yule farasi, ambaye bila kazi alirudia tabia zake zote. Alikula khanga mbili kambani. Alikula kitabu cha hesabu cha binti mkubwa. Mume wangu alikuwa ananielekeza kutoka dirishani: mwendee kwa mbele, usimfokee, mwache anuse mkono. Nilimwambia siku moja, "Njoo umnusishe wewe." Papo hapo nikaona aibu, kwa sababu asingeweza.

Alhamisi moja nilibeba ndoo ya mwisho, mgao unaofuata ukiwa Jumamosi. Farasi akanishika bega. Ndoo ikaanguka. Nilisimama naangalia maji yakiingia ardhini, na ardhi ya kwetu inakunywa haraka. Sikumpiga. Niliingia ndani nikabadilisha gauni, nikachukua mkoba. Nilipotoka nilifungua kufuli la geti, nikautoa mnyororo, nikaurudisha ukining'inia wazi. Komeo la banda sikuligusa, hilo alikuwa analifungua mwenyewe. Nikaenda shule nikafundisha vizuri tu.

Niliporudi mchana banda lilikuwa tupu. Na mbwa hakuwepo.

"Nani alifunga geti mara ya mwisho?" mume wangu aliuliza.

"Mimi. Nililifunga."

Mama mkwe alikuwa kibarazani na tasbihi yake. Alinitazama, kisha akaendelea kuhesabu.

Binti mdogo hakulia kwa ajili ya farasi, alimlilia mbwa. Hakula mchana wala jioni. Ijumaa alikwenda shule na macho yamevimba, na mwalimu wake aliniuliza kama kuna msiba. Jioni hiyo muuza mkaa mmoja alisema jana alipishana na farasi kwenye barabara ya Dar es Salaam, anaelekea mashariki bila mtu. Mume wangu alielewa mara moja. "Anarudi ranchi," alisema. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa mkono mmoja.

"Wewe kaa," mama mkwe akamwambia. "Nitakwenda na mkeo."

Sikuamini, lakini Jumamosi asubuhi alikuwa tayari, amevaa buibui na raba za mjukuu wake, ameshika kikapu chenye chapati, kamba na gunia dogo la pumba. Tulipata lifti kwenye lori lililokwenda kupakia mahindi. Tuliteremka Ihumwa kuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza uzio wa miiba alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na mama akamwitikia vizuri, kwani alikulia nao.

"Tunatafuta mnyama, mzee wangu."

"Punda mrefu?" akauliza. "Ana mbwa nyuma?"

"Huyohuyo."

"Walikunywa kwenye dimbwi lile, juzi jioni. Wakaenda zao."

"Hakuna aliyejaribu kumshika?"

"Mimi nilijaribu." Akakunja mkono wa shati akatuonyesha alama za meno. Mama alimwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, na akampa chapati mbili.

Tulipata lori jingine. Njia nzima mimi nilitazama mashamba ya uwele upande wa kushoto na mama upande wa kulia. Tulimkuta Buigiri. Kuna shule ya watoto wasioona pale, na mtu wa kwanza tuliyemuuliza barabarani akatuonyesha kwa kidole.

Alikuwa amesimama kivulini nyuma ya madarasa, hajafungwa. Watoto kama kumi na watano walikuwa wamemzunguka, na mikono yao ilikuwa imemjaa mwilini: miguuni, tumboni, kwenye manyoya ya shingo. Mmoja alikuwa ameshika pua yake kwa viganja viwili. Mbwa wetu alikuwa amelala kando, kichwa juu ya kiatu cha mtu.

Nilimkimbilia mwalimu, mama wa makamo aliyekuwa ameegemea ukuta. "Mwalimu, samahani, waondoe watoto. Anauma."

"Anauma?" Alishangaa. "Yuko hapa tangu jana asubuhi. Hajamuuma mtu."

Msichana wa miaka kama tisa alisikia sauti yangu akageuka. "Mama, ni wako?"

"Ni wetu."

"Ni nani huyu?"

"Ni farasi."

Akamgeukia mwenzake. "Nilikwambia si ng'ombe, hana pembe. Wewe ukasema zimekatwa."

Nilisogea nikatazama. Watoto wale walikuja kwake polepole, wakisema kabla ya kugusa, na mkono ukishagusa ulitulia hapohapo kwanza kabla ya kwenda mahali pengine. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwahi kitu. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa namwendea kila asubuhi, ndoo mkononi, mwili mzima umejiandaa kuumwa. Sisemi kwamba nilijifunza jambo kubwa. Niliona tofauti, basi.

Mwalimu alitupa chumba tukalala kwake. Jumapili alfajiri tulianza safari ya kurudi, na baada ya kilomita chache magoti ya mama yakakataa. Alikaa kwenye jiwe. Akamtazama farasi.

"Nisaidie," alisema.

"Mama, utaanguka."

"Nikianguka nitakuwa nimeketi tayari. Nisaidie."

Tulimsogeza farasi karibu na jiwe, nikatandika gunia la pumba mgongoni, mama akapanda kiupandeupande na buibui lake, akashika manyoya ya shingo. Farasi aligeuza kichwa akamnusa goti. Kisha akatembea.

Tulikwenda hivyo muda mrefu, mimi mbele na kamba, mbwa nyuma. Waliotupita kwa baiskeli walishuka kutusalimia, na kutazama.

"Alhamisi nilikuona," mama alisema.

Sikugeuka. "Uliniona nikifanya nini, mama?"

"Na mnyororo."

Nilitembea kidogo. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi mwenyewe niliamka siku hiyo nimekusudia kuutoa. Nilikuwa nangoja nimalize uradi. Ukanitangulia."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, na ikawa vizuri kwamba nilikuwa mbele.

"Utamwambia mumeo?" aliuliza baadaye.

"Nitamwambia."

"Mwambie akishakula."

Tulifika alasiri. Binti mdogo alimbeba mbwa mpaka ndani ya nyumba, akavuka naye kamba, akapita naye mbele ya bibi yake, na bibi akageukia upande mwingine. Mume wangu alikula ugali na mlenda kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio uliofungwa. Alipomaliza nilimwambia.

"Ungeniambia umechoka," alisema.

"Nilikwambia. Nilikwambia uje umnusishe wewe."

Akafikiri. "Kweli. Uliniambia." Akaomba maji ya kunawa. Kesho yake, mkono ukiwa bado umefungwa, alitoka alfajiri akasimama na farasi huku mimi naweka ndoo. Tukafanya hivyo kila siku mpaka mtulinga ukapona. Bega langu aliuma mara moja tu tena, na siku hiyo kweli nilikuwa na haraka.

Farasi alikaa kwetu miaka mitatu zaidi. Mume wangu alifungua duka dogo la dawa za mifugo karibu na soko, na vijiji vya mbali akaendelea kuvizungukia kwa farasi. Mama mkwe alimpanda mara nne au tano, kwenda kwa shangazi siku za mvua, na hakupenda mtu alitaje jambo hilo.

Mwaka mmoja mvua zilizidi, mbu wakawa wengi hata mchana. Farasi alivimba juu ya macho siku ya Jumanne. Mume wangu alimtazama mdomoni, akaujua ugonjwa, na akajua kwamba hana dawa yake dukani wala haipo kwa mtu mwingine. Alhamisi asubuhi povu lilimtoka puani, akalala chini. Majirani kumi na mbili walikuja na majembe bila kuitwa. Tulimpeleka nje ya mji kwa pikapu ya jirani, na kuchimba kulichukua mpaka alasiri kwa sababu shimo la farasi ni kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Ijumaa mume wangu alikwenda Msalato kwa baiskeli. Kulikuwa na ndama wa kuchanjwa. Mimi nilikuwa na jaribio la darasa la nne, nikaenda kulisimamia.